Meli inatufikisha San Juan saa moja asubuhi. Ndege ya saa nne na robo tutaiwahi?

Swali: Mimi na mume wangu tunaishi Dallas, Marekani. Tumelipia safari ya meli ya siku kumi, ya mwezi wa pili, kwenye visiwa vya Karibi, tukiwa na mama yangu mzazi aliyekuja kututembelea kutoka Mombasa. Ana miaka 68, magoti yanamsumbua, anasafiri kwa pasi ya Kenya na viza ya Marekani ya kuingia mara nyingi. Meli inaondokea Fort Lauderdale, inapita Aruba, Curaçao, Barbados, St. Lucia na Sint Maarten, lakini Florida hairudi tena: inaishia San Juan, Puerto Rico, Jumamosi saa moja asubuhi. Nimeona ndege ya kutoka San Juan kwenda Dallas asubuhi hiyohiyo saa nne na robo, bei nzuri mno. Mume wangu anasema tuikamate, mimi roho inasita. Tutaiwahi? Tukiamua kubaki, siku ngapi zinatosha? Na mama, ambaye tiketi yake ya kurudi nyumbani inaanzia Dallas, si afadhali aondokee hukohuko San Juan?

Jibu: Dada yangu, roho yako imesema kweli. Hiyo ndege iacheni. Mwambie shemeji asinichukie, bei nimeiona na mimi inanitamanisha, ila ni bei ya ndege ambayo watu wa melini hawaipandi, na pengine ndiyo maana ikabaki rahisi.

Kabla sijaanza kuuza tiketi nilifanya kazi miaka minane kwenye mapokezi ya meli za namna hiyo. Asubuhi ya mwisho naijua kuliko siku zote za safari, kwa sababu ndiyo asubuhi ambayo abiria elfu tatu hukumbuka kwa pamoja kwamba wana swali. Hebu nikupitishe humo taratibu, uone saa nne na robo inavyoyeyuka.

Usiku wa kuamkia kushuka mtaletewa vibandiko vya rangi vyenye namba. Mnavifunga kwenye masanduku, mnayatoa mlangoni kwenye ujia kabla ya saa nne au saa tano usiku, na wafanyakazi wanayashusha chini usiku kucha. Kuanzia hapo sanduku lako hulioni tena hadi gatini, ndani ya ukumbi wa forodha, likiwa limepangwa na wenzake wa rangi ileile. Niliwahi kufuatwa kaunta saa kumi na mbili asubuhi na mzee mmoja mwenye heshima zake, amevaa pajama za mistari na ndara za chumbani. Mkewe alikuwa mwepesi wa kazi, alifunga kila kitu akakitoa nje, suruali ya mumewe ikiwemo. Tulimtafutia suruali ya mpishi. Mzee alishuka nayo kifua mbele, na picha tulipiga. Lakini mwingine aliweka pasi tatu za familia ndani ya sanduku lililotolewa nje, na huyo hakuna aliyecheka naye. Kwa hiyo mama awe na kipochi chake cha kuning'iniza shingoni usiku huo: pasi, dawa zote, miwani, simu na chaja.

Sasa saa moja yenyewe. Saa moja ni wakati meli inapofunga gati, kamba zinapokazwa. Mtu hajatia mguu chini. Ngazi ishushwe, maofisa waikubali meli, masanduku yapangwe, ndipo waitwe wale waliochagua kubeba mizigo yao wenyewe, kisha rangi moja baada ya nyingine. Asubuhi njema, wa kwanza wanashuka kabla ya saa moja u nusu na wa mwisho kwenye saa tatu u nusu au saa nne. Asubuhi mbaya, mfumo wa kompyuta wa uhamiaji unagoma, au kuna mgonjwa anayeteremshwa kwa machela, na kila mtu anabaki amekaa juu ya ngazi na begi mapajani.

Ningekuwa nawajibu ninyi wawili tu, vijana wenye begi moja moja la mkononi, ningesema mnaweza kubahatisha. Mna mama. Meli nzima inataka lifti kwa wakati mmoja, na ghorofa ya tano utaona lifti inafunguka imejaa, inafunga, inafunguka tena imejaa. Mkimwombea kiti cha magurudumu, jambo ambalo nakushauri ulifanye, mtakaa kwenye ukumbi wa kusubiri mpaka msukuma kiti awafikie, naye anakwenda chini na kurudi, chini na kurudi, kwa wazee thelathini walio mbele yenu. Asubuhi hiyo saa yenu itakuwa ya yule kijana anayesukuma viti.

Mkishafika chini, kituo chenu cha mwisho kilikuwa Sint Maarten, nchi nyingine. Puerto Rico ni eneo la Marekani, kwa hiyo San Juan ndipo mnapoingia Marekani, na kila mmoja anapita mbele ya ofisa. Ninyi wenye makazi huenda mkamalizana naye kwa picha ya uso tu. Mama mwenye viza anaweza kuulizwa maswali mawili matatu na kuchukuliwa alama za vidole. Halafu mzigo, halafu teksi. Kutoka gati za mji wa kale hadi uwanja wa ndege wa Luis Muñoz Marín ni kama kilomita 12, dakika ishirini barabara ikiwa nyeupe. Tuseme Mungu amewajalia, mko nje ya gati saa mbili na dakika arobaini na tano. Saa tatu na robo mko uwanjani, na uwanjani kuna foleni ambayo viwanja vya Texas havina. Nitaieleza huko mbele. Kaunta ya mizigo ya mashirika mengi hufungwa kati ya dakika 45 na saa nzima kabla ya ndege kuruka. Piga hesabu mwenyewe, na hapo nimekupa kila dakika kwa ukarimu.

Kuna na mtego wa saa. Puerto Rico haibadilishi saa mwaka mzima. Mwezi wa pili iko mbele ya Florida kwa saa moja na mbele ya Dallas kwa saa mbili. Visiwa vyote mtakavyopita vinatumia saa sawa na San Juan, lakini saa ya melini ni uamuzi wa nahodha: meli nyingine husogeza mishale njiani, nyingine hubaki na saa ya Florida hadi karibu na mwisho. Simu nayo, mkikaribia kisiwa, hujibadilisha yenyewe kimyakimya. Fuateni saa iliyo ukutani mapokezi na karatasi ya ratiba inayoletwa chumbani. Na kwa kuwa kwenu nyumbani mnahesabu saa kwa Kiswahili, muandikie mama ratiba yake kwa maneno, si kwa tarakimu. Nimewahi kumuuzia tiketi bibi mmoja wa Lamu iliyoandikwa 7:05, akajipanga vizuri kabisa kwa saa saba mchana.

Kama kuna sababu ya lazima ya kuondoka Jumamosi hiyohiyo, chukueni ndege inayoruka kuanzia saa saba mchana, tena ya moja kwa moja. Mapema ya hapo mimi siuzi. Wateja wananiona mkaidi.

Ila mimi ningebaki usiku mbili, Jumamosi na Jumapili, niondoke Jumatatu. Usiku mmoja unatosha kuwahi ndege, hautoshi kupumzika: Jumamosi yenyewe inaliwa na kushuka meli, na chumba cha hoteli hamtakabidhiwa kabla ya saa tisa au saa kumi alasiri, hivyo siku inapita mkiwa na mizigo mapokezi ya hoteli na mama akisinzia kwenye kochi. Jumapili ndiyo inakuwa siku yenu. Halafu San Juan ni bandari ambamo meli nyingi za Karibi huanza na kumaliza safari mwishoni mwa wiki. Jumapili uwanja wa ndege unabeba abiria wa meli nyingine juu ya wenyeji wanaorudi bara. Tahadhari moja: Jumatatu ya tatu ya Februari ni sikukuu ya Marais huko Marekani. Jumamosi yenu ikiangukia wikendi hiyo, Jumatatu jioni kila mtu anarudi kazini na nauli zinapaa. Hapo ongezeni usiku wa tatu, mwondoke Jumanne, na mara nyingi tofauti ya nauli italipa sehemu nzuri ya chumba.

Unaweza kujiuliza kwa nini meli haikurudi tu Florida ikawaondolea taabu. Meli za Karibi za msimu wa baridi huhamahama; kampuni ikitaka meli yake ianzie San Juan kwa miezi kadhaa, inauza ule mguu wa kuipeleka huko kama safari ya kwenda tu. Na si kila bandari inaruhusu. Kuna sheria ya Marekani ya mwaka 1886 inayozuia meli zenye bendera za kigeni kuchukua abiria bandari moja ya Marekani na kuwashusha bandari nyingine ya Marekani, isipokuwa ipite kwanza nchi ya mbali. Meli hizi kubwa karibu zote zina bendera za Bahamas, Panama, Malta na kadhalika. Puerto Rico ilifunguliwa kwa sheria nyingine mwaka 1984, hivyo meli kuishia huko si tatizo. Faida kwenu ni kubwa kuliko inavyoonekana: ndege ya San Juan kwenda Dallas ni ya ndani ya nchi. Uhamiaji mmemaliza gatini. Ninyi wawili mnahitaji kitambulisho cha jimbo chenye alama ya REAL ID, kinachodaiwa kwenye ndege za ndani tangu Mei 2025, au pasi. Mama anatumia pasi yake.

Wasomaji ambao safari zao zinaishia Bridgetown, Barbados, hali yao ni tofauti, na niseme mawili kwa ajili yao. Wengi huona ndege ya moja kwa moja ya Bridgetown kwenda London wakafurahi, waunganishe kwenda Nairobi au Dar. Pasi za Kenya na Tanzania zinadaiwa viza ya kupita Uingereza hata kama hutoki nje ya uwanja. Kuna misamaha, mfano kwa mwenye viza halali ya Marekani au Kanada, lakini ina masharti, na anayeyasoma kaunta ni mfanyakazi wa shirika la ndege aliyechoka. Mwenye viza ya Marekani ya kuingia mara moja naye ajue kwamba akishashuka kisiwa cha nchi nyingine, kuingia kwake kumekwisha. Akitaka kurudi Marekani, huenda hana mlango.

Turudi kwenu, upande wa tiketi. Ndege za ndani Marekani kwa kawaida nauli ya kwenda tu ni kama nusu ya kwenda na kurudi, kwa hiyo msihangaike na tiketi ya pamoja. Nunueni Dallas–Fort Lauderdale peke yake na San Juan–Dallas peke yake, hata kwa mashirika tofauti. Hiyo ya pili tafuteni ya moja kwa moja, inakwenda kama saa tano. Ni chache kwa siku, ndiyo maana nasema nunueni mapema. Mkikosa, unganisheni kusini: Miami, Orlando, Atlanta. Februari sipitishi mteja Chicago wala Newark kama kuna njia nyingine, theluji ikianguka huko mtalala sakafuni kwa ajili ya hali ya hewa ya mji msiokuwa na shida nao. Dallas yenyewe barafu huifunga siku moja moja mwezi huo, kwa hiyo msichukue ndege ya mwisho ya jioni. Ya asubuhi ikifutwa, mchana ipo nyingine.

Vipande vya kuunganisha viwe kwenye tiketi moja. Mtu akinunua San Juan–Miami kwa shirika hili na Miami–Dallas kwa lile, la kwanza likichelewa la pili halimjui. Na mkishanunua, sheria ya Marekani inawapa saa 24 za kughairi na kurudishiwa fedha zote, ikiwa mmenunua moja kwa moja kwa shirika na safari bado iko siku saba au zaidi mbele. Tumieni nafasi hiyo leo usiku: kamateni ya Jumatatu, kesho mkiwa na akili iliyotulia amueni.

Kampuni ya meli pia itawauzia ndege. Kwa kwenda, hilo nalipenda, maana ndege ikichelewa wao wanajua mko wapi. Kwa kurudi baada ya usiku mbili za hoteli halina uzito. Na kwa kuwa tumegusa kwenda, hukuuliza lakini nitasema: fikeni Fort Lauderdale siku moja kabla. Uwanja wake na bandari viko jirani kabisa, kilomita chache, watu hudanganyika wakasema watafika asubuhi ya safari. Ndege ikikuacha kuna nyingine. Meli ikikuacha, kituo kinachofuata ni Aruba.

Bima msiikwepe kwa mama. Mnunulie inayohusu matibabu Marekani na baharini pia, pamoja na kusafirishwa akiwa mgonjwa, na usome kama maradhi aliyokuwa nayo tangu awali yanahesabiwa. Magoti yake yanaingia humo.

Sasa mama na tiketi yake. Naelewa wazo: ameshafika San Juan, ya nini kumrudisha Dallas? Lakini tiketi yake imeandikwa ianzie Dallas, na tiketi za ndege zina ubishi wake: ukiruka kipande cha kwanza cha kurudi, mfumo unafuta vyote vinavyofuata. Hawezi kudandia katikati. Mngelazimika kuibadilisha na kulipa tofauti, au kumnunulia San Juan–New York na kisha ndege ya Kenya Airways inayokwenda Nairobi bila kusimama tangu Oktoba 2018, saa zaidi ya 13 angani, baada ya siku kumi za bahari. Mtu wa miaka 30 angevimba miguu.

Tena nikuulize: masanduku yake yako wapi? Namjua mama wa Mombasa aliyekaa Marekani miezi miwili. Yako Dallas, chumba cha wageni, mawili ya kilo 23, yamejaa viatu vya wajukuu, na la tatu analifikiria. Tiketi yake ya kimataifa inayabeba bila malipo ya ziada, wakati ndege ya ndani huenda ikamtoza kila begi. Mama arudi nanyi Dallas, alale kitandani kwake siku nne au tano, aage watu, ndipo aondoke. Mkishuka San Juan, ingieni mtandao wa forodha na mipaka wa Marekani mtazame rekodi yake ya I-94, ile inayoonyesha tarehe ya mwisho ya kukaa. Kuzunguka visiwa siku kumi hakumaanishi ameanza kuhesabiwa miezi upya. Ofisa anaweza kumwachia tarehe ya zamani, na tarehe hiyo ndiyo ipangiwe ndege ya Mombasa.

Siku mbili za San Juan, hapa sasa nafurahi kuandika. Kwanza jueni gati. Meli nyingine hufunga mji wa kale, hatua chache na maduka. Nyingine huenda gati ya Pan American ng'ambo ya mfereji, na huko huendi popote kwa miguu. Kwa ajili ya mama nisingelala mji wa kale. Ni mzuri mno, lakini barabara zake ni za mawe ya bluu ya zamani yanayovunja magurudumu ya sanduku, vilima haviishi, na nyumba nyingi za wageni ni za ngazi tupu. Laleni Isla Verde, pwani iliyo dakika chache na uwanja wa ndege, hoteli yenye lifti, mji mwende kwa teksi. Mkilinganisha bei za vyumba, kumbukeni kodi ya chumba ya asilimia 9 hadi 11, na hoteli nyingi zinaongeza ada yao juu.

Asubuhi ile ya Jumamosi, kabla ya zogo lote nililolieleza, mwamsheni mama mapema mumpeleke juu, upande wa kushoto wa meli. Meli inaingia kwenye mdomo wa ghuba wakati mwanga unapasuka, na ukuta wa ngome ya El Morro unapita kushoto kwenu, karibu hivi kwamba unaona vibanda vya walinzi. Mama atasema, mbona ni Ngome ya Yesu hii? Hatakuwa amekosea sana. El Morro ilianzishwa na Wahispania mwaka 1539, lakini ikapanuliwa kuelekea umbo la sasa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1580 kwa ramani za mhandisi Mwitaliano, Antonelli. Ya Mombasa ilianza 1593 kwa ramani za Mwitaliano mwingine, Cairati. Waliolipia ujenzi walikuwa wawili, Hispania na Ureno, ila mfalme alikuwa mmoja: Filipo wa Hispania aliyekuwa ameshika na taji la Ureno. Mama amekulia kivulini mwa ukuta wa mtu huyohuyo.

Jumapili mwende ndani. Kutoka barabarani hadi lango kuna uwanja mpana wa majani usio na kivuli, watoto wakirusha tiara, na gari haliingii. Mama apewe muda wake na mwavuli, au aanzie ngome ya pili, San Cristóbal, iliyo karibu zaidi na mji. Tiketi ni moja kwa zote mbili. Msitu wa El Yunque ni mzuri lakini ni nusu siku ya gari na vijia vyenye utelezi. Kwa magoti hayo ningeuacha bila majuto.

Chakula mama hatapotea. Wali wa kitaifa wa Puerto Rico ni wali wa mbaazi, arroz con gandules, na ndizi mbichi wanazikaanga na kuziponda, wakaziita mofongo. Tahadhari ni nguruwe. Anatiwa kwenye wali huo na kwenye mofongo bila kutangazwa, kama sisi tunavyotia kitunguu. Ulizeni neno moja kila sahani: cerdo.

Jumatatu fikeni uwanjani saa tatu kabla. Ile foleni niliyoahidi ni ya wizara ya kilimo: kila sanduku linalotoka Puerto Rico kwenda bara linapita kwenye mashine yao kwanza, linabandikwa kibandiko, ndipo kaunta ya ndege ilipokee. Wanatafuta wadudu na magonjwa ya mimea. Embe hairuhusiwi. Udongo hauruhusiwi. Kitu kilekile kiliwahusu pia gatini Jumamosi, pamoja na tofaa la mezani melini ambalo kila mtu huliweka mkobani akasahau, mpaka mbwa mdogo anapokuja kuketi miguuni pake.

Nalisema hili kwa sababu ya mama. Katika miaka yote kaunta sikuona wazee wa pwani wakificha dhahabu wala pombe. Huficha vitawi. Ataona ua St. Lucia, nyuma ya kibanda cha muuza viungo, atamuomba mwenyewe, atakata kijiti cha shibri moja, atakivingirisha kwenye karatasi ya chooni iliyoloweshwa na kukitia kwenye mfuko wa miwani, na hatakuambia. Mkague mfuko wa miwani Ijumaa usiku, masanduku yakisubiri mlangoni. Mpe na shikamoo zangu.